Panga, Majembe na Mataifa: Unabii wa Isaya na Mika katika Kiswahili

Katika Agano la Kale mna unabii mmoja unaopatikana mahali pawili, karibu neno kwa neno: katika Isaya, sura ya 2, aya ya 2 hadi ya 4, na katika Mika, sura ya 4, aya ya 1 hadi ya 3. Unasema kwamba zitakuja siku ambazo mlima wa hekalu la Yerusalemu utasimama juu ya milima yote, mataifa yatauendea ili yafundishwe njia za Mungu, Mungu mwenyewe ataamua magomvi yao, nayo yatazigeuza silaha zao kuwa zana za kilimo. Maneno haya yamesafiri mbali na mlima yalikotamkwa. Mwaka wa 1959 Umoja wa Sovieti uliupa Umoja wa Mataifa sanamu iliyochongwa na Yevgeny Vuchetich, ya mtu anayeuponda upanga kwa nyundo, nayo ingali katika bustani ya makao makuu ya Umoja huo, New York. Ng'ambo ya barabara maneno ya Isaya yamechongwa ukutani. Septemba 1983, mjini Wittenberg, katika Ujerumani ya Mashariki ya wakati ule, mhunzi aliufua upanga wa kweli ukawa jembe la plau mbele ya umati wa vijana, ingawa serikali ilikuwa imekwisha kukataza beji yenye picha ya sanamu ile ile ya Kisovieti.

Wanatheolojia wameandika mengi juu ya unabii huu. Makala haya hayakusudii kuyarudia. Swali lake ni la kilugha: unabii huu ulipoingia katika Kiswahili ulipata nini, ulipoteza nini, na msomaji wa Kiswahili wa leo anasikia nini anapousoma? Swali hili si dogo, kwa sababu maneno matatu ambayo ndiyo nguzo za unabii wenyewe, yaani taifa, kabila na upanga, yamebadilika mno katika Kiswahili tangu wafasiri wa kwanza walipoyachagua.

Kwanza yafaa ikumbukwe hali iliyokuwako. Isaya alikuwa mtu wa Yerusalemu. Mika alitoka Moreshethi, katika nyanda za chini za Yuda. Wote wawili waliishi katika karne ya 8 K.K., zama za ukubwa wa Ashuru. Samaria ilianguka mwaka wa 722 K.K. Mwaka wa 701 K.K. Senakeribu aliingia Yuda, na katika kumbukumbu zake alijivuna kwamba ameteka miji 46 yenye maboma. Lakishi, uliokuwa jirani ya kwao Mika, ulikuwa mmojawapo wa miji iliyotekwa. Wataalamu hawakubaliani ni nani kati ya manabii hawa aliyetangulia kuutamka unabii huu, au kama wote wawili waliuchota katika wimbo wa kale wa hekaluni, au kama uliingizwa katika vitabu vyao baadaye. Lakini mpango wa kitabu cha Mika una jambo la kutazamwa. Aya ya mwisho ya sura ya 3 inatabiri kwamba Sayuni italimwa kama shamba. Aya inayofuata mara moja ni huu unabii wa mlima kuinuliwa, na mwishoni mwake zana za kulimia zinarudi, safari hii zikiwa zimetokana na silaha. Mgawanyo wa sura, ambao ni kazi ya watu wa baadaye sana, umeukata ufungamano huo, na msomaji anayeanzia sura ya 4 hauoni.

Tofauti iliyo wazi zaidi kati ya Isaya na Mika ni ya msamiati. Kiebrania kina maneno mawili yanayokaribiana, goy na am. Goy huelekea zaidi kwenye watu wenye nchi na utawala wao. Am huelekea kwenye watu waliofungamana kwa nasaba na udugu. Isaya anasema goyim wote watauendea mlima, na ammim wengi watasema twendeni. Mika ameyabadilisha mahali: ammim ndio wanaokuja, na goyim wengi ndio wanaosema. Kwa mshairi wa Kiebrania mabadilishano haya si kitu. Maneno yamewekwa sambamba ili yategemeane. Kwa mfasiri ni mtego, maana atahitaji maneno mawili yaliyo tofauti lakini yasiyopingana.

Wafasiri wa Kiswahili walichagua taifa na kabila. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. Katika Kiarabu ta'ifa si lazima liwe watu wenye nchi yao. Ni kundi, kikosi, au madhehebu. Katika Kiswahili cha Mombasa neno hili lilikuwa na kazi maalumu: Waswahili wa mji huo walijihesabu kuwa Thenashara Taifa, yaani taifa kumi na mbili, zilizogawanyika katika Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Hapo taifa ni mji, ukoo na mapatano ya kuishi pamoja. Tafsiri ya Biblia nzima katika Kimvita ilitoka mwaka wa 1914, na ile ya Kiunguja, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere, ilikuwa imekwisha kutoka mwaka wa 1891. Kwa msikilizaji wa Mombasa wa siku hizo, mataifa yanayopanda mlimani kuamuliwa magomvi yao hayakuwa jambo la mbali. Yalikuwa sura ya mji wenyewe katika siku zake njema, wazee wa miji mbalimbali wakikaa pamoja barazani.

Msikilizaji wa leo hasikii hivyo. Tangu miaka ya 1960 taifa ni nchi yenye bendera, wimbo na jeshi. Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa mwaka wa 1945, umelitia neno hilo muhuri, na mtu akisoma Isaya huona mabalozi ukumbini. Kwa upande mwingine lugha ya makanisa imeligeuza neno hilo hilo kuwa jina la watu wasio Wayahudi, watu wa Mataifa, na wakati mwingine jina la wasioamini. Basi neno moja lina maana tatu: ukoo wa mji, dola, na kafiri. Unabii unaonena juu ya mataifa yote kumwabudu Mungu unabadilika kwa kadiri ya maana aliyo nayo msomaji masikioni.

Kabila limepatwa na mabaya zaidi. Katika Kiarabu na katika Kiswahili cha zamani halikuwa na lawama yoyote. Mfasiri alilitumia kwa am bila wasiwasi. Lakini ukabila, lililozaliwa kutokana nalo, leo ni jina la ugonjwa wa siasa, na nchini Kenya hakuna anayelisikia bila kukumbuka mapigano ya Bonde la Ufa ya mwaka wa 1992, au ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Msomaji wa Kenya anapofika mahali ambapo Mungu anaamua kati ya watu wa kabila nyingi, anasoma habari zake mwenyewe, jambo ambalo mfasiri hakulikusudia wala hakuweza kulijua. Je, ni hasara? Yawezekana kwamba hapa tafsiri imepata, kwa bahati, ukali ambao maneno ya Kiebrania yalikuwa nao kwa watu waliokuwa wamemwona Mwashuru langoni.

Hata hivyo bahati hiyo inaharibiwa na kitenzi. Tafsiri ya Muungano ya 1952 husema kwamba Mungu atawakemea. Kitenzi cha Kiebrania, hokhiah, kweli huweza kuwa na maana ya kukaripia, lakini kikiwekwa sambamba na kitenzi cha kuhukumu kati ya watu wawili maana yake ni kuamua, kukata shauri, kusuluhisha. Aliyekemewa hunyamaza, aliyesuluhishwa hurudi nyumbani na jirani yake. Mapatano ya Februari 28, 2008, yaliyozima ghasia za Kenya, hayakupatikana kwa makemeo bali kwa msuluhishi aliyekaa katikati ya pande mbili siku baada ya siku. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya kazi hii, suluhu, upatanisho, uamuzi, mwafaka, na ni ajabu kwamba mfasiri aliyapita yote.

Kuhusu mwendo wa mataifa hayo, Kiebrania kina taswira ambayo ni vigumu kuihamisha. Kitenzi ni naharu, chenye asili moja na nahar, mto. Mataifa yatatiririka kama mto, lakini mto huu unapanda mlima. Isaya, katika sura ya 8, aliwahi kumfananisha mfalme wa Ashuru na mto unaofurika na kuizamisha Yuda mpaka shingoni. Hapa mto umegeuka, unapanda juu kwa hiari yake. Tafsiri ya Muungano inasema watauendea makundi makundi. Takriri hiyo ni ya Kiswahili safi na inaleta picha ya watu wengi wanaofuatana, lakini mto umekauka. Kumiminika kungekaribia zaidi, kwani Waswahili husema kila siku kwamba watu walimiminika uwanjani. Kasoro yake ni kwamba kinachomiminika hushuka. Labda kasoro hiyo ndiyo ingekuwa faida yake, kwa kuwa msomaji angeshtuka kukuta watu wanamiminika kwenda kileleni, kama alivyoshtuka msikilizaji wa Isaya.

Jambo moja la sarufi halijatajwa sana. Katika aya ya 2 ya Isaya, Tafsiri ya Muungano inalipatanisha neno mataifa na kiambishi cha viumbe vyenye uhai: watauendea. Katika aya ya 4 neno taifa linapatanishwa na ngeli yake ya kawaida: halitainua. Mtaalamu wa sarufi anaweza kuona hapa kutokuwa na msimamo tu, na pengine ndivyo. Lakini tazama yanayotokea. Mataifa yanapokwenda kujifunza ni watu. Yanaposhika upanga ni vitu. Haielekei kwamba wafasiri walilipanga jambo hili. Kiswahili chenyewe kiliwapa nafasi ambayo Kiebrania hakina, nao wakaangukia pazuri.

Neno jingine ambalo Kiswahili kimelitendea wema bila kutazamiwa ni kujifunza. Katika Kiebrania, kinachotoka Sayuni ni torah, na torah imetokana na shina lile lile la kitenzi kinachosema kwamba Mungu atafundisha. Torah hapa si kitabu cha makatazo, ni mafundisho. Mfasiri aliandika sheria, na kwa kufanya hivyo akaukata uhusiano kati ya kufundisha na kinachofundishwa. Lakini mwishoni, ambapo Kiebrania kinatumia shina jingine kabisa kusema kwamba mataifa hayatajifunza vita, Kiswahili kinarudi kwenye ukoo wa fundi, funda, fundisha, funza. Hivyo unabii wa Kiswahili unaanza na kufundishwa na kuishia na kuacha kujifunza, kwa mzizi mmoja. Waliokwenda shule ya mlimani wameifunga shule ya vita. Uzuri huo haumo katika Kiebrania kwa namna hii.

Sasa tuzitazame zana zenyewe. Isaya anataja herev, upanga, unaogeuzwa kuwa et, na hanit, mkuki, unaogeuzwa kuwa mazmera. Et ni zana ya kuvunjia ardhi. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, imetajwa pamoja na shoka na zana nyingine ambazo Waisraeli walilazimika kuzipeleka kwa Wafilisti kunolewa, kwa kuwa hawakuwa na wahunzi. Wafasiri wa Kigiriki waliita plau, na wa Kilatini wakaita ncha ya plau. Wafasiri wa Kiswahili waliandika majembe, na hawakukosea. Et ya karne ya 8 K.K. ilikuwa kipande kidogo cha chuma kilichovikwa ncha ya mti. Kuliita jembe ni kulileta mikononi mwa mkulima wa Afrika Mashariki bila kuliharibu. Tena chuma cha upanga mmoja chatosha jembe moja, hesabu ambayo plau ya kisasa hairuhusu.

Mazmera ni kisu kilichopinda cha kupogolea mizabibu. Jina lake linatokana na kitenzi cha kupogoa. Mundu wa Kiswahili ni wa kuvunia na kufyekea. Umbo limefanana, kazi imetofautiana: mmoja hukata kilichokomaa, mwingine hukata ili kilichobaki kizae. Pwani kuna kotama, kisu cha mgema wa tembo, kilichopinda nacho, kinachotumika juu ya mti usiokusudiwa kuangushwa. Kwa kazi, kotama inakaribia zaidi. Lakini ni rahisi kuelewa kwa nini mmisionari hakutaka kisu cha mgema kiingie katika Isaya.

Tatizo kubwa ni upanga. Katika Kiswahili cha fasihi ya kale upanga ni silaha, wingi wake ni panga, na hauna shaka. Lakini Kiswahili kimelizaa pia neno panga, wingi wake mapanga, na hilo ni zana ya shambani, ya kufyekea na kukatia kuni, iliyomo karibu katika kila nyumba ya kijijini. Kisarufi maneno haya hayachanganyiki: panga zao ni silaha, mapanga yao ni zana. Kimatamshi, na hasa bara, ambako watu wengi husema panga moja, panga mbili, yamechanganyika kabisa. Mkulima anayesikia Isaya akisomwa kanisani anasikia kwamba zana yake ya kufyekea itakuwa zana ya kulimia. Unabii umekuwa ushauri wa bwana shamba.

Na hapo ndipo tatizo la tafsiri linapogeuka kuwa kitu kingine. Panga hilo hilo la shambani ndilo lililoua katika Rwanda mwaka wa 1994, na ndilo lililoshikwa katika Bonde la Ufa mwanzoni mwa 2008. Isaya alidhani kwamba silaha na zana ni vitu viwili, na kwamba kati yao kuna moto, fuawe na nyundo. Panga halihitaji mhunzi ili ligeuke. Linatoka shambani asubuhi likiwa zana, na jioni ni silaha, chuma kile kile, mpini ule ule. Nabii Yoeli, katika sura ya 3, aliugeuza unabii huu kinyume: majembe yawe panga, miundu iwe mikuki. Lakini hata yeye alihitaji kufua. Msomaji wa Kiswahili anayelijua panga anasoma aya ambayo Isaya hakuweza kuiandika. Mfasiri mpya angeweza kuandika mapanga badala ya panga. Angekuwa ameivunja maana ya herev, na pengine angekuwa ameifikisha kwa msomaji kuliko wote waliomtangulia. Si rahisi kumshauri afanye hivyo, wala si rahisi kumkataza.

Kitenzi kufua nacho kinahitaji neno moja. Kufua chuma ni kukipa umbo, ni kazi ya ustadi. Kitenzi cha Kiebrania ni kikali zaidi: ni kile kilichotumika kwa Musa alipoiponda sanamu ya ndama, na kwa Hezekia alipoivunjavunja nyoka ya shaba. Silaha katika Isaya zinapondwa kama sanamu. Kwa Isaya hilo lina maana, kwa sababu baada ya aya chache tu katika sura ile ile anazitaja hazina, farasi, magari ya vita na sanamu katika pumzi moja. Fundi wa kufua huiheshimu silaha anapoibadilisha, mpondaji haiheshimu.

Jambo linaloweza kuwashangaza wengi ni kwamba neno shalom, amani, halimo kabisa katika aya hizi, wala kwa Isaya wala kwa Mika. Amani hapa haikutajwa. Imeelezwa kwa kazi. Kiswahili nacho hakikulipokea shina la shalom kwa maana ya amani. Kililipokea katika salama na salamu. Amani yetu imetoka katika shina jingine, lile la amini, imani, amana na amina. Kwa hiyo amani ya Kiswahili imekaa karibu na kuaminiana kuliko na ukamilifu, na yeyote aliyewahi kuishi katika mtaa ambapo majirani hawaaminiani atakubali kwamba shina hili halikuchaguliwa vibaya.

Unabii wa namna hii haukuishia kwa Isaya na Mika. Sefania, sura ya 3, aya ya 9, unawahusu wanalugha moja kwa moja. Mungu anaahidi kuwapa ammim safah berurah, ili wote waliitie jina lake. Safah ni mdomo, na kwa kupanuka, lugha. Ndilo neno lililotumika katika habari za mnara wa Babeli. Tafsiri ya Muungano imeandika lugha iliyo safi. Hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayekosa kuvutiwa na maneno hayo, na humo ndimo mlimo hatari. Kwa msomaji wetu lugha safi ni lugha fasaha, isiyochanganywa. Ni sifa ambayo watu wa Unguja na watu wa Mvita waligombania tangu Kiunguja kilipochaguliwa Mombasa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ni sifa ambayo Karl Roehl aliitafuta kwa njia yake, alipotoa Biblia yake mwaka wa 1937 akiwa amejitahidi kuyaondoa maneno ya Kiarabu ili Kiswahili kiwe cha Kibantu zaidi. Wenyeji wa pwani hawakujiona wametakaswa. Sefania hakuwa akisema hayo. Berurah ni iliyotakaswa, na kinachotakaswa ni midomo, kama midomo ya Isaya katika sura ya 6 ilivyoguswa na kaa la moto. Hakuna ahadi hapa kwamba watu wote watasema lugha moja. Aya inayofuata inawataja waabuduo kutoka ng'ambo ya mito ya Kushi, nao hawaambiwi waache Kikushi. Katika Zekaria, sura ya 8, wanaokuja ni watu wa lugha zote za mataifa. Katika Ufunuo, sura ya 7, umati umetajwa kwa taifa, kabila, jamaa na lugha, na hakuna hata moja lililofutwa. Isaya peke yake, katika sura ya 19, anazungumzia miji mitano ya Misri itakayosema lugha ya Kanaani, na hata huko Misri inabaki Misri, na Ashuru inabaki Ashuru, na njia kuu inapita katikati yao.

Mwisho wa aya hiyo ya Sefania una neno ambalo Kiswahili kingeweza kulichukua jinsi lilivyo. Mataifa yatamtumikia Mungu, kwa Kiebrania, kwa bega moja. Kigiriki kiliona ng'ombe, kikaandika nira moja. Tafsiri ya Muungano iliandika nia moja, ambayo ni sahihi na imepauka. Kiswahili kilikuwa na bega kwa bega mkononi, na pwani kilikuwa na picha ya wachukuzi wawili wenye mpiko mmoja, mzigo ukining'inia katikati, kila mmoja akilazimika kupima hatua zake kwa hatua za mwenzake.